Injinia wa Taifa Aliyeomba Kona ya Kibanja

Jumapili jioni. Bukoba mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imetulia. Spika zangu zimekauka. Hasira ya jana bado mbichi.

Jana nilikwenda Nshamba kufunga vyombo vya muziki kwenye sherehe ya kumpongeza Injinia Koku, niliyesoma naye hadi darasa la saba. Yeye akaendelea na shule. Mimi nikajifunza ufundi wa spika kwa kuungua vidole. Nilipokuwa navuta nyaya, mzee mmoja akaniuliza fundi anakuja saa ngapi. Nikamwambia ameshafika. Akachungulia nyuma yangu kumtafuta mwanamume.

Basi nikajua siku itakuwaje.

Sherehe ilikuwa uani kwa mama yake Koku, Ma Paskazia, mjane. Nyumba yake imeegemea migomba kama mlevi anayetafuta kiatu. Koku alikuwa ameuomba ukoo jambo moja tu: kona ya kibanja, shamba la migomba aliloacha marehemu baba yake, amjengee mama nyumba isiyovuja. Jibu lingetolewa jana. Ndiyo maana watu walijaa. Msidhani walikuja kwa mapenzi ya uhandisi.

Mkuu wa ukoo, Ta Kamugisha, kaka wa marehemu, akaishika maikrofoni yangu kama anakaba kuku.

"Binti yetu ametutoa kimasomaso! Amejenga daraja kule kusini. Amesimamia gati la kisiwa cha Goziba, akalala kwenye turubai kati ya wavuvi, mafundi wanaume wakakimbia mawimbi, yeye akabaki! Leo anaongoza wahandisi wa mkoa mzima. Akili hizo ni za ukoo huu!"

Za ukoo! Ukoo huuhuu ulimuuliza zamani ni mwanamume gani atamwoa mwanamke mwenye kofia ya ujenzi. Daraja liliposimama, ndipo damu ilipogundulika kuwa moja.

"Sasa, habari ya kibanja," akaendelea. "Kibanja ni cha ukoo. Ukimpa binti, umempa mkwe. Na wewe, Koku waitu, mwanetu mpendwa, umeshatuzidi. Wewe sasa ni wa taifa. Taifa lina ardhi kubwa."

Watu wakapiga makofi.

Naapa, walipiga makofi.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Sikuzima, niliongeza sauti kidogo. Mtu akiamua kujianika, usimnyime kamba. Acha hata wanaopima kahawa kule senta wasikie.

Wakampa Koku zawadi: kitenge na seti ya sufuria. Mtu aliyefunga chuma juu ya mto, wamempa cha kuchemshia ndizi. Kona ile wakampa Deo, mdogo wake Koku, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku likavuka masika.

Ta Kamugisha hakuwa amemaliza. "Ombi dogo, mwanetu. Umchoree Deo ramani. Ya kisasa, yenye ghorofa na roshani."

Roshani. Atazame nini, mikungu?

Koku akasimama. "Kasinge, asante, Tata. Ramani sitachora. Nina kiwanja Buhembe, kule mjini. Nilianzia hapa kwa kuwaheshimu, na kwa sababu baba amelala hapa. Mae, mama yangu, ukikubali, nitakujengea huko. Usipokubali, sitakulaumu."

Kwetu mjane haachi kibanja chenye kaburi la mumewe, na kaburi la baba yake Koku liko palepale, hatua chache kutoka mlangoni.

Ta Kamugisha akacheka. "Paskazia? Aache kaburi? Thubutu!"

Ma Paskazia akatoka kwa wapishi, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Hakuomba maikrofoni.

"Shemeji, kaburi mlimruhusu Koku alijenge kwa saruji. Hapo hamkusema ni wa taifa. Aliyemo halowi. Mimi ndiye ninayelowa."

Akaingia ndani kufunga mizigo.

"Na migomba ataipalilia nani?" Ta Kamugisha akapaza sauti, maikrofoni bado mkononi. Ukoo mzima ukamgeukia Deo. Deo akazitazama zile sufuria.

Spika zangu zimerudi mjini zikiwa chini ya godoro la Ma Paskazia. Mpaka nyumba iinuke, analala chumba changu cha vyombo. Asubuhi alilia kidogo, akisema hajamuaga vizuri mzee wake. Nilimchemshia chai tu.

Nilikuwa najiona mjanja kwa kuongeza sauti. Ujanja wa swichi ni rahisi. Yule mama ameondoka na kuliacha kaburi.

Kesho mapema tunakwenda Buhembe kufyeka kiwanja.

Mvua imeanza tena. Kule Nshamba, Deo kesharithi nyumba. Sijui, kuna aliyemwonyesha mabeseni ya kukingia matone yanawekwa wapi?