Kasha Alilolichonga Baba

Kaka yangu,

Hatujambo, na mimi leo meno yote nje! Kompyuta yangu ya kuchorea ramani za nyumba imekamilika. Prosesa, ule ubongo wake, nimechukua yenye nguvu kuliko zote dukani. Kasha amelichonga Baba kwa mbao, eti bati ni la kuezekea. Ila fundi wetu huyo alilifunga pande zote kama kabati! Mashine ikachemka, ikajizima. Nilicheka hadi machozi. Akanuna, akachukua keekee, akatoboa matundu ubavuni.

Tangu uache useremala ukaondoka, hajakutaja. Lakini matundu yale, Kaka, yameandika jina lako. Nilipomuuliza, akaendelea kupiga msasa.

“Mashine ilitaka matundu mengi,” akasema, “na jina la huyo kaka yako ni refu.”

Mdogo wako,
mchora ramani