Samaki wa Kiangazi cha Kutafuta Kazi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijatia sahihi, maana katika mji wetu huu mdogo jimboni Maine, Marekani, sina wa kumweleza, kila mtu hapa ni binamu wa mtu. Mimi ni mama wa Noella, miaka minane, na Remi, miaka sita, kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mume wangu Roland alikuwa akifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka walipompunguza kazini mwezi wa Mei mwaka jana, nami sikumsimanga hata siku moja, nilimwambia, "Wewe tafuta kazi kwa utulivu, shule zikifungwa watoto tutawapeleka kambi ya mchana, watalelewa huko mpaka jioni," na kambi ile si ya bure, nikawa naingia kazini hata Jumapili ili niilipie, huku najipa moyo kwamba serikali huwapa nafuu ya kodi wazazi wanaolipia malezi ili wafanye kazi au watafute kazi, kwa hiyo pesa nyingine ingerudi tukanunue mafuta ya kupashia nyumba joto. Remi hakuitaka kambi. Kila asubuhi aling'ang'ania mlango wa gari, "Baba, leo nikae na wewe tu, sitasumbua," na baba yake akimjibu, "Baba anakwenda kutafuta kazi, shuka."

Basi juzi tukaenda kwa Bi Cyr, anayewajazia watu fomu za kodi nyuma ya duka la misumari, na watu wamekaa foleni wanasikia kila kitu, akamuuliza, "Roland, kiangazi chote ulikuwa unatafuta kazi kweli? Maana bila hivyo nafuu hii hamuipati." Akajibu bila kupepesa macho, "Kila siku ya Mungu." Loo! Nyuma yetu alikuwepo Lorraine, mke wa rafiki yake Normand, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu: "Kutafuta kazi? Labda kwa samaki! Si ulikuwa botini na Normand wangu kila asubuhi?" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, sikujua nifanye nini na uso wangu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka friza yetu, ilivyojaa samaki kiangazi kizima, Roland ananiambia, "Normand katuletea," nami nawakaanga, tena nikamwokea Lorraine pai ya matunda kumshukuru, Mungu wangu, akaipokea na akaila! Nyumbani Roland alikiri kwamba wiki mbili za kwanza za kambi alitafuta kweli, halafu kijana mmoja wa kiwanda cha mbao akamwangalia mvi akamwambia watampigia simu, hawakupiga, akakata tamaa. Sasa ananiambia, "Tia sahihi tu, serikali haina macho ziwani." Mama mkwe naye kasikia nasita, kanipigia, "Mwanamke gani wewe unamchongea mumeo?" Mwisho wa kupeleka fomu umekaribia, Bi Cyr anatusubiri, na mafuta yamebaki kidogo. Nitie sahihi ninyamaze, au nikatae nyumba ivunjike?

Aliyekaanga Samaki, Maine

*

Aliyekaanga Samaki, pole sana. Hiyo pai imeniuma hata mimi.

Sasa nisikilize. Usitie sahihi. Fomu ni ya wawili, na ukiweka jina lako juu ya jambo unalojua ni uongo, uongo ule ni wako pia, na siku ya kuulizwa mama mkwe hatakuja kukushika mkono. Na huo mdomo wa Lorraine umeshamwaga mambo mbele ya foleni nzima, unadhani Bi Cyr ni kiziwi? Rudi kwake kesho. Mwambie aandike zile wiki mbili alizotafuta kazi kweli, zilizobaki azifute. Mtapata kidogo, lakini mtalala. Mafuta yakiisha, ombeni ofisi ya mji msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto, na atakayepanga foleni huko ni Roland, si wewe.

Huyo mumeo namhurumia nusu. Mwanaume aliyekataliwa kwa sababu ya mvi zake anaona aibu, naelewa. Lakini aibu yake ameilipia kwa Jumapili zako, na hilo simsamehei. Na wewe acha kuniuliza kama nyumba itavunjika kwa sababu ya sahihi. Ufa uliingia siku alipokuletea samaki akawaita wa Normand, akakaa mezani anakutazama unavyomshukuru mtu mwingine. Mama mkwe mwambie hivi: "Mama, sijamchongea mtu, nimekataa kudanganya." Kisha kata simu.

Kiangazi kinachokuja, kama Roland bado hana kazi, kambi hakuna. Watoto watashinda naye, iwe nyumbani, iwe ziwani. Asilete hadithi kwamba hawezi kulea, maana asubuhi zote hizo alikuwa na nafasi.

Lipo moja la mwisho, na hili usimfanyie wewe. Remi hakuwa anaomba kambi wala zawadi, alikuwa anaomba kukaa na baba yake. Roland amwite huyo mtoto, amkalishe, amweleze alikuwa anakwenda wapi kila akimwambia ashuke. Wewe kaa hapohapo chumbani, na akikosa maneno, usimsaidie.