Gemu Yangu Iliyolala kwa Okari

Marion, siamini! Nimetoka kwa Okari hapa Rangwe sasa hivi.

Unakumbuka gemu yangu ya TV ya '97? Na vile Okari aliitukana, "hiyo ni ya watoto, mwanaume anacheza kwa kompyuta"?

Na kila Ijumaa kabla jua lizame alikuwa anaibeba kwao, ati nisijaribiwe kuicheza Sabato. ATI NISIJARIBIWE!

Leo dada yake Nyamusi anacheka tu: "Huyu? Alikuwa anajifanya mgonjwa, sisi tukienda kanisa anabaki akiicheza mpaka TV inachemka."

Mgonjwa, Marion! Na mimi niko kanisani namwombea apone!

Okari, siku hizi mzee wa kanisa mzima, akaangalia chini. Nikangoja aombe msamaha.

Akasema, "Lakini kompyuta bado ni bora."