Suruali ya Kafa Ulaya

Jumatatu, 11 Agosti 1986

Kiwanda kimesimama tena. Spea hakuna. Sisi mafundi tumefagia mashine zilizofagiliwa juzi, tumepiga soga, tumerudi nyumbani. Tunafuma vitambaa vya nchi nzima na mimi mwenyewe nina suruali mbili. Haya.

Nimekuta kifurushi kutoka Bunda, kwa dada yangu Nyamisi. Jumamosi tunamaliza matanga ya Mzee, baba yetu, kule Butiama, na dada ameshona sare kwa wajukuu wote wa kike. Gauni la pinki. Marinda tele, mabega yamevimba kama maandazi. Nyangeta wangu amelijaribu. Ana miaka kumi na mitano, mrefu kunipita. Alisimama katikati ya chumba, mikono mbali na mwili, kama mtu aliyemwagikiwa uji. Mama yake akacheka. Na mimi nikacheka. Tumekosea.

Jumanne, 12 Agosti

Nyangeta amesema haendi Butiama.

Nimegomba mpaka majirani wote wa hapa Kamunyonge, Musoma, wamenisikia. Baadaye mtoto akaja uani akaniambia polepole, "Baba, nikienda na gauni lile, Babu hatanijua." Nikajifanya nakaza mnyororo wa baiskeli. Mnyororo hauna kasoro yoyote.

Ni kweli lakini. Kila likizo alikuwaga kule anachunga na Mzee. Kaptula ya kaka yake, fimbo begani. Mzee na shati lake la kaki la mifuko minne, mfuko wa juu umejaa karanga. Mtoto anazichomoa, Mzee anajifanya haoni. Kwa utani alikuwa anamwita "mke wangu", kama mababu wote wanavyowaita wajukuu zao, ila huyu alimwita hivyo akiwa amefura kwa fahari.

Matanga ya Mzee bila Nyangeta? Siwezi. Nasema siwezi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata wazo! Kesho ni mnada Bunda. Siku hizi mitumba inauzwa pale pale kando ya ng'ombe, mchana kweupe, wala mgambo hakimbizi mtu. Nitamtafutia mwanangu nguo ya heshima ambayo ataivaa bila kununa. Mama Nyangeta anasema mimi na nguo wapi na wapi, nitarudi na pazia. Tutaona. Yeye atakuja Butiama Jumamosi na wadogo.

Alhamisi, 14 Agosti

Jamani, siku gani hii!

Tumefika mnadani vumbi limesimama, ng'ombe wanalia, mitumba imemwagwa juu ya turubai vilima kwa vilima. Muuzaji mmoja amepanda juu ya boksi, sauti imemkauka: "Kafa Ulaya, kaja kuvaliwa Bunda!" Ndivyo wanavyoziita nguo hizi, kafa Ulaya, eti wenyewe wamekufa huko. Watu wanacheka, wanainama, wanachagua.

Nikachagua mimi kwanza. Sketi ya mistari. Nyangeta akatikisa kichwa. Gauni la bluu lisilo na marinda. Akatikisa. Blauzi yenye kola ya duara. Akaniangalia tu kwa huruma. Hasira zikanipanda, nikamwambia haya, tafuta mwenyewe basi, si unajua kila kitu!

Loo. Alizama kwenye kile kilima kama anatafuta kitu alichokipoteza mwenyewe. Akaibuka na suruali ya kijivu, ya kitambaa kizito, ya kiume, mifuko mirefu. Akaenda kuijaribu nyuma ya lori la ng'ombe, ndani ya sketi yake. Aliporudi sketi ilikuwa mkononi.

Sijui niandikeje. Mabega yalishuka. Mikono ilijua pa kukaa. Alitembea mpaka kwenye zizi, akaruka boriti, akarudi akicheka na meno yote, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya mnada kama mlevi. Yule yule mtoto wa kaptula! Nililipa bila kuomba punguzo. Muuzaji mwenyewe alishangaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyasura, hapa hapa Bunda, kwa dada. Furaha imekwisha.

Dada Nyamisi aliiona suruali kabla hatujanawa miguu. Eti msichana wa suruali hakanyagi uwanja wa Mzee. Na ya kafa Ulaya tena! Nguo ya maiti, siku ya kumaliza matanga! Atamrudisha langoni yeye mwenyewe, mbele ya watu. Nikamwambia Mzee alikuwa baba yangu pia. Akasema mwacha mila ni mtumwa. Nikasema mila gani ya mabega ya maandazi? Akaondoa chakula mezani. Samaki sato, na mimi nilikuwa na njaa.

Ninaogopa. Simwogopi dada, namwogopa mama yetu. Kesho mama ndiye anagawa nguo za Mzee, na kwenye mambo ya marehemu hana mchezo. Akisema mtoto atoke, atatoka. Na Nyangeta akitolewa kwa babu yake hatarudi tena pale, namjua, ana kichwa changu.

Nilimuuliza kama anaweza kuvaa gauni kwa saa moja tu. Akasema ndiyo, Baba. Alisema haraka mno, akiangalia chini. Nikamwambia basi, acha. Tutakwenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Butiama.

Mama Nyangeta alitupokea stendi. Akamwangalia binti yake juu mpaka chini, hakucheka safari hii. Akafungua kanga yake moja akamfunga kiunoni juu ya suruali. Nyangeta akakubali. Kanga ni heshima, akasema mtoto, haimbadilishi mtu.

Uwanja ulijaa. Wajukuu wa kike mstari mmoja, pinki tupu, na wangu mwishoni kama mnazi. Mama alikaa kwenye kiti cha Mzee, nguo za Mzee zimekunjwa miguuni pake. Koti nikapewa mimi, mtoto wa kwanza wa kiume. Linanipwaya mabegani. Kofia kwa mdogo wangu. Likabaki shati la kaki. Shati ni la wajukuu wa kiume, wanajua, wameshaanza kusogea.

Mama akanyoosha kidole. Akamwita Nyangeta.

Dada akawahi: mama, huyo ndani ya kanga kavaa suruali. Mama akaifungua kanga mwenyewe, fundo halikumshinda. Akaishika suruali gotini, akaipapasa. Ya nani hii? Dada akajibu kwa nguvu, ya Mzungu maiti, mama, kafa Ulaya! Watu wakaguna.

Mama akafikiri. Halafu akasema, "Kama amemrithi Mzungu ambaye hata kaburi lake hatulijui, atashindwa kumrithi babu yake? Mke mwenzangu, njoo vaa."

Mama yangu we! Vigelegele! Watu walicheka mpaka wakalia, na waliokuwa wanalia wakalia kweli, na mimi nilikuwa katika hao. Nyangeta akavaa shati palepale juu ya blauzi. Likamfika mapajani. Mikono imemeza vidole. Aliweka kiganja kwenye mfuko wa juu akakiacha hapo, machozi yanamtoka bila sauti.

Aliyeinuka kwenda kwake ni dada Nyamisi. Akamkunjia mikono ya shati, wa kulia, wa kushoto, mikunjo mitatu mitatu, akaipiga pasi kwa kiganja. Halafu akarudi kukaa na kuuliza kama sisi watu wa Musoma tumeshakula.

Jumatatu, 18 Agosti

Kamunyonge. Kiwanda bado. Upepo wa ziwani asubuhi, baridi kidogo.

Gauni la pinki limekwenda kwa binti wa jirani. Limemkaa vizuri sana, anazunguka nalo uani.

Mama Nyangeta alitaka kulipunguza shati la Mzee, ameshatoa na mkasi. Nyangeta amekataa. Amesema liachwe lilivyo, atakua alifikie. Ametoka kwenda kuchota maji, suruali ya kijivu, shati la kaki. Mikono ameikunja kama shangazi yake alivyoikunja.