Sauti Yangu Juu ya Majina Yao

Jumamosi, 4 Oktoba. Whitehall.

Nimesafisha hedi za rikoda, vile vichwa vinavyosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, kama kila Jumamosi. Rehema anaiita mashine hii mke mwenzake. Leo ana haki: nimeshinda nayo tangu asubuhi, nguo chafu bado zimo kikapuni.

Mkanda wa Mama Furaha umefika kwa posta kutoka Buffalo, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwaya ya wasichana wa Bukavu, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa. Ameubeba kambi mbili za wakimbizi na hajawahi kupata mashine ya kuupiga. Tulikutana harusini, nikajigamba kuhusu rili zangu, mikanda ya zamani. Akaniamini.

Nyimbo saba. Tamu mno. Spika ya kulia imekufa tangu kiangazi, kwa hiyo nimenakili kwenye kompyuta kwa waya wa kushoto tu. Inatosha. Mwishoni palikuwa na nafasi tupu, nikafanya kama ninavyofanya kwa kila mkanda, hata wa watu: nikabonyeza kitufe cha kurekodi na kutangaza. Mkanda namba arobaini na tatu, hazina ya Idrisa Mbaruku, Whitehall, Ohio. Nikaongeza na hotuba kidogo. Dakika mbili hivi. Nimetoka vizuri.

Jumapili, 5 Oktoba.

Mama Furaha amepiga simu. Nimemchezea wimbo mmoja, akalia, akacheka. Kisha akauliza.

"Bon, na ule upande ingine? Kule mwanzo tuko nataja majina, moja moja. Tulikuwa kumi. Batatu nilisha basahau. Donc, ile njo niko nangoya."

Majina ndiyo anayongoja. Mwisho wa upande wa kwanza ndio mwanzo wa upande wa pili. Najua hilo miaka yote. Na mashine yangu ikirekodi, inafuta upana wote wa mkanda.

Nimemwambia bado naushughulikia. Uongo.

Nikageuza rili. Ni mimi, ninaongea kinyumenyume. Dakika mbili za mimi. Halafu wasichana wanaingia, katikati ya wimbo.

Jumanne, 7 Oktoba.

Sijala. Nimekaza sauti mpaka mwisho nikitafuta chochote chini ya maneno yangu. Hakuna. Waya wa kulia ndio unaobeba upande wa pili, kinyumenyume; kama ningeuchomeka nao, majina yangekuwa kwenye kompyuta, ningeyageuza tu. Waya mmoja. Ulikuwa mezani, mbele yangu.

Najichukia.

Jumamosi, 11 Oktoba. Louisville.

Zaidi ya saa tatu barabarani, mkanda mapajani. Mzee wa Kimarekani aliyeniuzia mashine ndiye tumaini langu la mwisho. Akaupiga kwenye mashine yake, akavaa visikilizio, akafumba macho. Muda mrefu. Akavua. Kilichofutwa kimefutwa, akasema, akanimiminia kahawa.

Nimelia kwenye maegesho kama mtoto. Nikampigia Rehema.

"Nenda ukamwambie mwenyewe, uso kwa uso," akasema. "Usithubutu kutuma meseji, Idrisa."

Jumapili, 12 Oktoba.

Mikanda arobaini na tatu. Kila mmoja una sauti yangu mwishoni. Sijathubutu kugeuza mwingine hata mmoja.

Jumamosi, 18 Oktoba. Buffalo.

Nimefika na mashine mchana. Lower West Side, ghorofa ya pili, ngazi zimeniua. Mama Furaha amevaa kitenge cha sherehe na kusuka nywele upya. Fufu na sombe ya majani ya muhogo mezani. Alijua leo anakutana na wenzake wa kwaya.

Nimesema kabla ya kunawa mikono. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Weka tu," akasema.

Nimeweka. Nikajaa chumba kizima, kinyumenyume. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama vile majina yamo.

"Donc, ni weye tu njo uko mule."

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, Espérance. Nabintu. Zawadi. Mapendo. Faida. Akahamia mkono wa pili. Furaha, yule ambaye jina lake alimpa binti yake mwenyewe. Nsimire. Vidole vitatu vikabaki vimekunjwa. Akavitazama, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Nimekula. Sijui nimekula nini.

Jumapili, 19 Oktoba. Whitehall.

Nimerudi. Rehema amefua nguo zote.

Nimebandua lebo yangu kwenye kasha la CD niliyomnakilia Mama Furaha nyimbo zake. Nimeandika majina saba kwa kalamu nyeusi, nikaacha mistari mitatu.

Amepiga simu baada ya ibada, sauti ya furaha. Amekumbuka wa nane. Jina lilimjia kanisani, ghafla, katikati ya mahubiri. Zawadi.

Nimemwambia asante, mama, naandika. Nikaandika Zawadi mara ya pili.