Meno ya Ndege wa Mjomba

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, mama anakusalimu.

Jambo hili sijamwambia mtu. Siku ile nilipokutembelea makumbushoni, ulipotoka kupokea simu, nililamba taya la yule ndege wako wa enzi za dinosaria. Nilisoma kwamba mfupa wa kale hunata ulimini. Taya lilinata. Meno ya nyuma hayakunata hata kidogo.

Umeniomba niandike maelezo ya kabati lake la maonyesho. Nitaandikaje "ndege mwenye meno" na moyo unasita? Meno ni yake, au yamebandikwa?

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika kuliko mwenyewe.

Kumbe miaka yote hii nasafisha mifupa ya kale, leo nakaguliwa kwa ulimi. Natumaini ulipiga mswaki. Sikiliza, msomi. Mfupa wa kale una vitundu, hunyonya mate, ndiyo maana hunata, kama tu plasta ya jasi tunayojazia mapengo. Jino lina gamba gumu mithili ya kioo. Jino la kweli halinati. Ndege yule alivua samaki kwa meno yake, na mimi ndiye niliyeyatoa kwenye jiwe kwa sindano.

Andika, mama. Na shaka zako zisifike kwa mkuu mpya wa makumbusho. Anatafuta kisingizio cha kuniachisha kazi.

Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mgongo. Asante kwa somo, nimelielewa.

Ila sikukuambia yote. Nililamba pia jino la mbele, lile refu ambalo wageni watalitazama kwanza. Lilinata. Nilidhani hilo ndilo la kweli peke yake.

Niambie nimekosea.

Mpwa wako

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Habari zako sizijui, hujajibu. Mama anasema ulipiga simu ukamuulizia kila mtu nyumbani, hata paka, isipokuwa mimi.

Mkuu wenu ameniandikia akidai maelezo. Nimeandika hivi: "Ndege huyu alikuwa na meno. Ya nyuma ni yake. La mbele huenda liliongezwa baadaye." Jina lako sikulitaja.

Kabla ya kufunga bahasha nilikupigia. Simu iliita hadi ikakatika. Nikaifunga bahasha, nikaipeleka posta, nikarudi nyumbani kufua sare za shule.

Mpwa wako