Moshi wa Udi Kwenye Karatasi za Ijumaa

Mama,

Wiki hii nimekasirika, nimecheka, kisha nimelia, na yote umeyasababisha wewe. Ngoja nikueleze.

Tangu ulipotutoka, ile mashine ya kuvuta hewa hapa pwani ya Chwaka naihudumia mimi. Kila asubuhi naitoa karatasi ya jana iliyonasa vumbi la hewani na kuweka mpya, kazi uliyoiita kumvisha mgeni. "Nshamvisha," ulikuwa ukisema ukirudi, utadhani umetoka kwa bibi harusi. Karatasi bado zinakwenda maabara mjini, wakatazame upepo wa kusi umebeba chembe gani kutoka bahari kuu, kusiko na nchi wala watu.

Basi wataalamu wakaja na maneno mazito. Kwenye karatasi zako wamekuta chumvi, na chembe za viumbe vidogo vya baharini, sawa. Lakini za Ijumaa zote zina moshi. Bahari haina jiko, wakasema. Mmoja akadai hukuwa ukienda pwani, karatasi ulizitundika jikoni kwako. Wakataka kuitupa kazi yako yote. Mama, niliona wanakuzika mara ya pili.

Nikaenda kukaa kwenye kibanda cha mashine, na hapo nikakumbuka chetezo. Wewe na udi wako! Kila Ijumaa ulikifukiza kibanda kizima. "Mgeni hapokewi na harufu ya kutu, mwanangu." Moshi unazunguka, mashine inavuta, nawe umesimama pale umeridhika. Nilikuwa nakuona, wala sikuwaza.

Nikawapelekea udi uliobaki kwenye kopo lako. Wakauchoma, wakalinganisha. Ni huohuo. Na chumvi ya bahari imejaa kwenye karatasi hizo kama kwenye nyengine, kwa hiyo jikoni hazikufika. Yule aliyekudhania vibaya amekuja kuniomba radhi. Za siku nyengine wamezipokea zote, na wanasema hewa inayotufikia kutoka huko mbali bado ni safi. Nimefurahi mno.

Za Ijumaa wamenirudishia mimi. Haikosekani hata moja, hata ile ya wiki yako ya mwisho, ulipotwambia kwamba hukuinuka kitandani; nayo ina moshi wa udi wako.

Mola akupe kauli thabiti. Nakuahidi udi nitaufukiza nyumbani tu. Pumzika sasa, Mama. Mgeni nitamvisha mimi.

Mwanao,
Zuhura